Linus na Njia ya Magari ya Crystal Palace

Mume wangu Linus ni nesi, lakini ukimkalisha chini dakika mbili tu, atakuhadithia magari. Tunakaa Thornton Heath, kusini mwa London, karibu na bustani ya Crystal Palace. Kabla ya Vita Kuu ya Pili magari yalishindana humo. Mwaka 1937 ikafanyika London Grand Prix, na mbio zikaendelea hadi 1972. Kipande cha lami bado kipo. Watu hupita hapo na mbwa wao wala hawana habari, jambo linalomuumiza Linus kama jino.

Baada ya kuomba miaka mingi, chama cha historia cha mtaa kikampa Jumamosi moja ya majaribio, awaongoze watu kuizunguka njia ile. Akifaulu, matembezi yatakuwa yake. Akiboronga, basi tena.

"Usianze na introductions," nilimwonya. "Hii si harambee ya nyumbani, kila mtu ajitambulishe. Wazungu watakuchoka."

"Margaret, nitaongeaje na watu nisiojua majina yao?"

Nilikuwa naongea na ukuta. Watu walipokusanyika tu, akaanza: kila mmoja aseme jina lake na kilichomleta. Mwenyekiti wa chama akatazama saa. Mimi nikajibanza nyuma ya jamaa mmoja mrefu. Jamani, aibu!

Wakajitaja kwa sauti za chini, mpaka zamu ikamfikia bibi mmoja mwenye mkongojo.

"Naitwa Myriam," akasema. "Baba yangu alikuwa anapunga bendera kwenye kona ile. Siku ya mbio za mwisho nilikuwa naye."

Mwenyekiti akaduwaa. "Myriam! Unakuja kwenye mikutano yetu kila mwaka, na hujawahi kusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Linus akakunja karatasi zake, akamshika bibi mkono, wakatangulia pamoja. Kila kona alimwuliza, naye akajibu: harufu ya mafuta, vioo vya nyumba vikitetemeka, baba yake akirudi nyumbani masikio yamemziba. Linus akaongeza miaka na majina ya magari. Sisi tuliwafuata kama vifaranga, na saa hakuna aliyeitazama tena.

Mwishoni mwenyekiti akamshika Linus bega. "Matembezi ni yako. Na kila mara uanze vilevile."

Kisha akanigeukia. "Mama huyu hatujamsikia."

Nikajitokeza mbele yao wote.

"Naitwa Margaret," nikasema, na sauti ifike itakapofika. "Kilichonileta ni huyu. Ni mume wangu."