Landrova ya Mafuta ya Papa

Habari hii alinipa Mwanahija mwenyewe, mwezi wa Shaabani uliopita, siku tuliyokuwa tunachagua mchele wa hitima ya dada yake, Sauda. Alikuwa anasimulia, anacheka na huku anafuta machozi, mpaka nikamwambia, "Taratibu mwenzangu, tutawalisha watu mawe." Nimeiandika kama alivyoisema, ila pale alipokuwa anarukaruka nimemrudisha njiani.

Basi, Mwanahija anakaa Mchinga na mumewe Ridhiwani. Watoto wameshaondoka, wamebaki wao wawili na kuku. Ridhiwani alikuwa dereva, tena wa enzi zile barabara ya Kilwa ni udongo mweusi, mvua ikinyesha gari linalala njiani siku tatu, abiria wanakusanya kuni na kupika kama wako kwao. Alikuwa na Landrova yake mwenyewe. Kutoka Mchinga mpaka Nangurukuru hakuna mtoto asiyeijua kwa mlio. Mwanahija alikuwa akiisikia inapanda kilima, anabandika sufuria ya ugali. Ridhiwani akinawa mikono, chakula kiko mkekani.

Ikaja lami. Yakaja mabasi ya viti vya sponji na vioo vyeusi. Nani tena atapanda Landrova? Ridhiwani akaiegesha nyuma ya nyumba, karibu na jiko, na tangu siku hiyo akapungukiwa na maneno. Hakuwa na ugonjwa, hakuwa na ugomvi na mtu. Ukimwambia chai tayari, anasema "Haya." Ukimwambia mvua inakuja, "Haya." Miaka karibu ishirini mwanamke anaishi na "haya" moja. Kuku walitagia kwenye viti vya Landrova, na Mwanahija kila akienda kuokota mayai alikuwa akilitukana lile gari kimoyomoyo, maana alijua maneno ya mume wake yamefungiwa humo ndani.

Sikukuu ya Idi mtoto wao mkubwa, Abdulwahab, akawaletea televisheni kutoka Dar es Salaam. Mwanahija akapenda taarabu na taarifa ya habari. Ridhiwani hakupenda kitu, mpaka Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri walipotokea Wazungu wawili, mmoja mnene na mmoja mwenye ndevu nyekundu, wako kwenye jaa la magari mabovu. Walikuwa wanalivuta gari lililoota majani mpaka kwenye usukani, na kijana wa Kiswahili anayatafsiri maneno yao juu kwa juu. Wakalipeleka gereji, wakalifungua lote, wakalipaka rangi, na mwisho yule mnene akaingia, akapiga stati. Likawaka.

Jumamosi hiyo Ridhiwani alitazama tu. Ya pili yake, Mwanahija yuko jikoni anakuna nazi, akasikia mtu anafoka ndani: "Usiilazimishe hiyo nati, we bwana! Ipashe moto kwanza, itakukatikia!" Akadhani kaja mgeni. Akajifunga kanga vizuri, akaingia. Hakuna mgeni. Ni Ridhiwani, amekaa ukingoni mwa kiti, anazungumza na televisheni. Na nati ikakatika kweli.

"Si nimesema!" Ridhiwani akapiga paja. "Si nimesema mimi? Mwanahija, umemwona huyu? Nati ya namna hii ilitukatikia Mbwemkuru, mwaka ule wa mvua za kuchelewa, mimi na Stefano. Unakumbuka?"

Mwanahija hakukumbuka, alikuwa hayupo. Lakini akasema anakumbuka, akakaa.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yake. Anapika mapema, anaoga, anakaa. Magari hayamhusu, yeye alikuwa anakwenda kumsikiliza mumewe. Ridhiwani atawagombeza wale Wazungu, atawasifu, kisha atatoka kwao aingie kwenye barabara ya zamani na kumtaja Stefano utingo wake, Mmakonde mfupi aliyekuwa anatembea mbele ya gari na upondo kupima kina cha matope. Kidogo kidogo na Mwanahija naye akaanza kushikwa na kipindi. Ikifika pale pa kupiga stati, anabana pumzi.

"Mbona kila gari linawaka?" akamwuliza mumewe siku moja. "Na mikono yao haichafuki. Mimi nasonga ugali tu nachafuka mpaka kiwiko."

"Wanaruka siku, mke wangu. Wanakuonyesha asubuhi na magharibi. Katikati wanaficha."

"Basi wanapaficha pale penye kazi yenyewe."

Ridhiwani akacheka. Mwanahija aliniambia hajui mara ya mwisho alimsikia lini.

Sasa mwezi wa pili wa mambo hayo, Mwanahija akateleza kwenye njia ya chooni, akaumia goti. Abdulwahab akapiga simu: atajenga choo cha karibu, na pahali pa kujenga ni pale ilipo Landrova. Ameshazungumza na Optatus wa Nangurukuru, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alhamisi atakuja na gesi yake aikate vipande. Ridhiwani akasikiliza, akasema, "Haya."

Mwanahija lile "haya" likamchoma. Lakini Jumamosi, kipindi kilipokwisha, Ridhiwani akasimama mbele ya televisheni iliyozimwa. "Nipeni mpaka hiyo Alhamisi. Naiwasha. Hawa wanawasha magari yaliyoachwa ovyo; mimi yangu niliihifadhi kwa mikono yangu."

Usiku ule Mwanahija hakuomba gari liwake kwa ajili ya gari. Aliomba kwa sababu alijua lisipowaka, mtu wake atarudi kule alikokuwa. Asubuhi akampigia simu Tekla, binti wa marehemu Stefano, mwenye gereji yake Lindi mjini.

Tekla alifika Jumatano saa tatu, na betri kwenye mfuko wa salfeti na ovaroli iliyopauka magotini.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mmakonde, umekuja kuiba kuku au kutengeneza gari?" Mwanahija akamtania.

"Nitaanza na gari, mama. Kuku wapo tu, hawakimbii wakiona mtani."

Kabla hawajafungua boneti, lori likasimama nje. Ni Optatus. Alikuwa anatoka Lindi, akaona asipite bure. Akaambiwa siku yake ni kesho. "Nasubiri tu," akasema, akakalia mtungi wake wa gesi kivulini, anakula korosho. "Nimeona wengi. Mtu anaanza kwa kuisukuma, anamaliza kwa kuniita."

"Kula korosho zako kwa adabu," Ridhiwani akamwambia. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazi ya zamani, na maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Akamwonyesha Tekla kila kitu: hapa pana waya alioufunga baba yako, hapa ndipo alipokuwa anasimama. Tekla akafunga betri, akasafisha waya, akamimina petroli kidogo. Ridhiwani akapanda, akasema Bismillahi, akapiga stati.

Ikalia *tk*. Basi.

Wakajaribu hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele. Tekla akasukuma, Ridhiwani akasukuma, Optatus naye akaacha korosho akaja kusukuma. Hendeli haikusogea hata unywele. Tekla akafungua plagi, akamulika kwa tochi ya simu, akaingiza waya mwembamba. Ukatoka na kitu cheusi chenye kung'ang'ania kama ulimbo wa kutegea ndege. Akakinusa.

"Baba mkubwa, humu ulimimina nini?"

"Mafuta ya papa," Ridhiwani akajibu kwa fahari. "Siku niliyoiegesha. Nilijaza kila tundu, nikafunga."

Watu wa pwani wenzangu mnajua. Chombo kikipandishwa ufukoni hupakwa mafuta ya ini la papa, yale yanayonuka mpaka mbingu ya pili, na mbao zake zikakaa miaka. Ridhiwani babu zake wote ni wa vyombo. Alipoipandisha Landrova yake, aliihifadhi kama alivyoona kwao. Nani angemwambia vingine?

Tekla alikaa chini kwanza. "Baba, mbao inayanywa mafuta hayo. Chuma hakinywi. Yameganda. Pistoni zote zimeshikwa, ni kama umezipiga gundi. Hii injini hata nikiipasua, vipuri vya kuweka humo ndani siku hizi hakuna. Haiwaki tena."

Kuku mmoja alikuwa anakwaruza mchanga. Mwanahija akamtazama mumewe. Akamwona anavua kofia, anaikunja, anaitia mfukoni.

"Haya," Ridhiwani akasema.

Optatus hakucheka. Alisimama akaanza kukunjua mpira wa gesi, polepole, kama mtu aliyeko msibani. Tekla, kwa kuwa hakujua aitazame vipi aibu ya mzee, akajilaza chini ya gari na tochi yake. Akakaa huko. Wakasikia anagonga kwa spana, ngo, ngo, ngo, mpaka nyuma.

"Na huku chini nani alipaka mafuta hayo?"

Mwanahija ndiye aliyejibu, "Mume wangu. Kila mwaka, kabla ya mvua. Abiria walikuwa wanalalamika wakifika Kilwa paka wanawafuata."

Tekla akatoka, nywele zimejaa mchanga, anacheka. "Mimi nimefungua Landrova nyingi za ukanda huu. Chumvi imekula chasisi zote, unazivunja kwa mkono. Hii ni mpya! Gonga mwenyewe, Optatus. Baba mkubwa, niuzie mimi. Naivuta mpaka Lindi, naitia injini ya Kijapani, itabeba nazi mpaka wajukuu wangu wazeeke."

"Itakuwa na mlio mwingine," Ridhiwani akasema kwa taabu.

"Itakuwa na mlio mwingine, ndiyo. Lakini itapanda kilima."

Ridhiwani akazunguka gari mara moja, mkono uko kwenye bati. Akasimama pale nyuma alipokuwa anasimama Stefano. "Sikuuzii," akasema. "Chukua. Nusu yake ilikuwa ya baba yako, matope yale tuliyala wote." Kisha akanyamaza tena.

Wakala wali na samaki. Optatus akapewa mayai kumi ya pole, akaenda zake. Tekla akaahidi kurudi Jumatatu na lori la kuvutia, akawahi gari la Lindi. Jua likawa kali, jirani wote wamejilaza. Mwanahija alipotoka kumwaga maji ya vyombo akamkuta mumewe amekaa ndani ya Landrova, nyuma ya usukani, anatazama ukuta wa jiko.

Miaka yote ile Mwanahija hakuwahi kukaa kiti cha mbele. Mbele walikaa walimu, mabwana shamba na wagonjwa. Mke wa dereva alikaa nyuma na wanawake wenzake na magunia, watu wasiseme dereva anapendelea wa kwake. Siku hiyo akaweka sufuria chini. Akafungua mlango wa mbele, akamfukuza kuku, akapanda na goti lake bovu.

Ridhiwani akageuka, akamwangalia.

"Unaangalia nini, dereva? Nina safari," Mwanahija akasema.

Ridhiwani akaurudisha uso kwenye ukuta wa jiko.

"Wale wa kwenye televisheni wanaruka siku. Mimi sitaki kurukishwa. Nataka kwenda Kinjumbi, na nataka kulala njiani."

Ridhiwani akaweka mkono kwenye gia, akaitikisa, ikakubali.

"Kinjumbi mbali," akasema.

"Ndiyo maana nimepanda mapema."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Wiki nzima."

"Basi hatuwezi kupita chini, tutazama." Akarekebisha kioo kilichokuwa hakina kioo. "Tutashika njia ya juu, tupite Kitomanga. Pale yupo mama mmoja anauza mihogo ya kuchoma, Stefano alikuwa anamkopa kila safari, yule mama akiliona gari anakuja na mwiko kumdai. Shikilia hapo, mke wangu, hapa pana shimo."

Mwanahija akashikilia. Na mtu wake akazungumza. Alizungumza mpaka Mbwemkuru, mto umejaa, wakalala ng'ambo ya huku, mwalimu mmoja akaibiwa kiatu na fisi. Akazungumza mpaka Kiranjeranje, pancha mbili na mchumba mmoja abiria aliyegeuza njia kwa kuogopa harusi. Mavuji wakasukuma. Nangurukuru wakanywa chai. Kivuli cha nyumba kikaja juu ya boneti, upepo wa baharini ukaingia madirishani. Walipouvuka mto Matandu, maneno yakaanza kuachana, moja huku, moja kule, na kichwa cha dereva kikaegemea usukani.

Mwanahija akamwacha alale. Akamtazama kidogo, akamtoa nzi usoni. Kinjumbi ilikuwa imebaki karibu, lakini njia hakuijua, na hakuwa na haraka. Akaegemea mlango, akanyoosha goti lake, naye akasinzia.