Mgongo si wa Tonton

Tonton Mushagalusa, ami wa mgonjwa, alikalia ukingo wa kitanda cha hospitali kama mtu anayelinda mpaka wa shamba.

"Hapa hakuna mutu atachomwa sindano ya mugongo."

Honoré, mtoto wa marehemu kaka yake, aliletwa kutoka Kamituga kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva. Kichwa kilimuuma kama kinapasuka, shingo imekaza kama gogo. Na kwao, mgonjwa haguswi mpaka mkubwa wa ukoo aitikie.

"Papa," alisema daktari Virginie, "virusi vya ukimwi vimemumaliza nguvu. Naogopa kifua kikuu kimepanda kwenye utando wa ubongo. Maji ya mugongo tukiyatia kwenye mashine, leo leo inaweza kutuambia."

"Mashine iko ya makohozi."

"Maji haya pia inayasoma."

"Bijou mulimuchoma, akakufa. Sindano inaua."

Cibalonza, dada yake Honoré, alikuwa amenyamaza kwa heshima tangu asubuhi. Heshima ikamwishia. Bijou alikuwa mdogo wake.

"Tonton, Bijou alichomwa siku gani?"

Mzee akavuta shuka, akamfunika Honoré mgongo.

"Ulikataa. Tukaenda maombi, tukaenda mizizi, mukakaa kikao. Uliitikia sindano wakati padri alikuwa tayari amemupaka mafuta ya wagonjwa. Sindano ilikuta mutu amekwisha, sasa unaiita muuaji."

"Unanisemesha hivyo, mimi niliyetoa ng'ombe za kumuoa mama yako?"

"Ng'ombe zilikwisha, tonton. Mutoto wake iko bado."

Kutoka kwenye mto sauti ndogo ya Honoré ikasema, "Wanichome. Haiko mugongo yake."

Mzee akainuka, akaelekea mlangoni. "Akikufa, musiniite."

"Akipona utakuja mwenyewe," alimjibu Cibalonza. "Utasema uliona mbele kwamba atapona."

Cibalonza akampinda kaka yake, magoti kifuani, akamkumbatia asitikisike. Virginie akachoma sindano, maji yakadondoka tone kwa tone, hayana hata rangi ya kutisha.

Kabla jua halijazama mashine ilikuwa imesema: kifua kikuu. Virginie akaleta dawa palepale. "Kupona siahidi," alisema. "Lakini sasa tunajua tunapigana na nani."

Cibalonza alimmezesha Honoré kidonge baada ya kidonge. Alipotoka barazani akakuta familia imemzunguka mama mmoja mgonjwa, shingo imekaza kama ya Honoré.

"Munangoja nini?"

"Baba yake mukubwa. Iko njiani, anatoka Shabunda kule mbali."

Akavuta kiti akaketi katikati yao, bila kukaribishwa.

"Huyo muzee akifika atakuta tumeshamuchoma. Nani hapa anamupenda huyu maman, aitikie sasa?"