Ukuta Uliowaogopa Wenye Njaa

Adhuhuri ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku wapangaji wanapogawana mavuno na mwenye shamba, Zélie alikuta kiti chake kimebanwa na ukuta. Akakivuta, akakaa kiubavu, tumbo lake la miezi minane likigusa bakuli la supu ya kabichi.

"Ukuta umesogea tena," alisema.

"Kiasi gani?" aliuliza mumewe, Firmin, bila kuinua macho.

"Shubiri."

"Basi jana hukushiba."

Hakukosea. Nyumba ile ilijengwa zama za vita vya dini, ikapewa minara na lango la chuma. Si kwa sababu ya majeshi. Majeshi yalipita mbali. Ilikuwa kulinda ngano dhidi ya wanakijiji. Mawe yalifunzwa kazi moja tu: mwenye njaa akikaribia, nenepeni. Siku hizi wenye njaa waliishi humo humo ndani, wakilima kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu na mwenye shamba, kwa hiyo ukuta ulinenepea ndani. Katika nyumba nzima, hakuna mwingine aliyenenepa.

Mwezi uliopita Firmin aliuchonga kwa patasi. Ukuta ukadhani umevamiwa, ukaongezeka dhiraa nzima kabla hajafuta jasho, ukameza na kabati la vyombo.

"Usiuchokoze tena," Zélie alimwambia. "Una hasira kama za mama yako."

"Mama angalau alirudisha vyombo."

Mwenye shamba, Bwana Lacombrade, akafika. Alikunywa supu yao, akamimina divai kwenye mabaki, akainua bakuli kwa mikono miwili kama mkulima yeyote. Halafu akaupapasa ukuta.

"Umefika wapi sasa?"

"Dhiraa nne, bwana," alisema Zélie. "Na mtoto yu njiani, hatuna pa kumlaza. Tuachie magunia machache mwaka huu. Tukishiba, ukuta utatulia."

Bwana Lacombrade alimtazama kwa upole, kama mtu anayeombwa auze kaburi la babu yake.

"Binti yangu, ukuta kama huu hauko popote bondeni. Nikiwaachia ngano, si utakonda?"

Firmin akabeba nusu ya ngano, fungu la bwana, kwenda nayo ghalani, mnarani. Ngazi zilikuwa zimebana, akapanda kwa ubavu, gunia moja moja.

Mtoto alizaliwa kabla ya Krismasi, wa kike. Chumbani palibaki nafasi ya kitanda na ya mtu mmoja kusimama, kwa hiyo walimlaza katika tundu la ukutani la kufyatulia bunduki, ambalo kwa unene wa ukuta lilikuwa limerefuka kama mtumbwi. Akaenea vizuri. Firmin akaziba upande wa nje kwa nyasi kavu.

Zélie alimnyonyesha maziwa yaliyokuwepo, nayo hayakuwa mengi. Yakaisha, mtoto akalia. Mawe ya kulia na ya kushoto yakasogea kidogo.

Zélie akamgeuza, akamlaza kiubavu.