Nepi Kwenye Pipa la Karatasi

Hapa jengoni wananiita Polisi wa Taka, na jina lenyewe sijalikataa. Jikoni kwangu kuna ndoo mbili, ya uchafu na ya karatasi, na kila jioni huichakura ile ya uchafu nione nani katupa humo kisichostahili. Mume wangu hunicheka. Mama yake, aliyehamia kwetu akiuguza mguu, hunitazama tu nikichakura. Juzijuzi aliomba awe anashusha karatasi yeye mwenyewe, ngazi zote zile, nami nikamsifu kwa watu.

Basi mzoa taka alipolikataa pipa letu la karatasi mara ya pili, nilipandwa na hasira kuliko wote. Alitufunulia tuone: katikati ya maboksi kulikuwa na vifurushi vya magazeti, na ndani yake nepi za watoto. Mkojo ulikuwa umechuruzika hadi chini. Alisema karatasi zilizolowa hivyo kiwandani hazipokelewi, na ikitokea tena pipa linaondolewa.

Macho yote yakamgeukia mama wa mapacha wa ghorofa ya chini. Aliapa si yeye, wapi. Mwenyekiti wa jengo akasema kesho tukutane uani, suala liishe. Nami nikapaza sauti: "Mtu mzima anayefanya hivi hana haya." Dirisha letu lilikuwa wazi.

Usiku mama mkwe alikataa chai, kama alivyokuwa akikataa siku zote hizo. Nilidhani chai yangu haimpendezi, nikanuna kimoyomoyo. Asubuhi, nikimtandikia kitanda, nilikuta chini ya godoro nepi za watoto, zimekatwa mikanda ya pembeni ili zikae ndani ya nguo ya mtu mzima. Kando yake magazeti, yamekunjwa tayari.

Nilikaa pale kitandani. Kumbe alikuwa anajinyima maji. Kumbe ndoo ya uchafu aliikimbia kwa sababu ya mikono yangu. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Uani nilikuta mama wa mapacha analia, na mwenyekiti bado anambana. Nikasema, "Mwacheni. Ni zangu."

Mwenyekiti akaniuliza zangu vipi, mbona sina mtoto mchanga.

"Ni zangu mimi mwenyewe."

Mtu akacheka, kisha akajikohoza. Mama wa mapacha alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kicheko. Nikapanda ngazi nikijua nitaitwa jina jingine.

Mama mkwe alikuwa ameketi dirishani. Nilichukua ndoo ndogo yenye mfuniko, nikaiweka kando ya kitanda chake. Nikamwambia hiyo ni yake, ataijaza yeye, nami nitaishusha bila kuifunua.

Aliinua mfuniko wa ile ndoo, akaurudisha.

"Mwanangu," akasema, "chai ipo?"

Nikammiminia. Akanywa yote, kisha akanisogezea kikombe nimwongeze.