Mapengo Aliyopitia Muthoka

Ndoto hii ilimjia Syombua, mjane wa Muthoka, mchana kweupe, nami naisimulia bila kuipunguza makali. Asubuhi ile jirani yake wa bondeni, Mumbua, alikuwa amepanda mteremko na ndoo, akaitua mlangoni. Ndani mlikuwa na tope jekundu zito kama uji, na ukingoni chumvi nyeupe imeganda. "Mama Ndanu, sikuja kugombana," alisema. "Haya ndiyo maji ya bwawa letu. Ng'ombe wanayanusa na kuondoka. Na lile korongo lako nimelipima kwa miguu nikija: zimebaki hatua tisa limfikie baba Ndanu pale alipolala. Ziba yale mapengo, dada yangu, mvua imekaribia." Syombua akamjibu jibu lake la miaka mitatu: "Nitaziba kesho."

Usimcheke, msomaji. Shamba lile limekaa kwenye mteremko, na Muthoka alikuwa amelichimbia matuta matano kwa mikono yake, ili maji na udongo visikimbilie bondeni. Alipofariki, kaburi lilichimbwa juu kabisa, na waliobeba jeneza hawakuweza kuyaruka matuta na mzigo ule. Ikabidi yakatwe, pengo moja kila tuta, njia ikanyooka kutoka barabarani hadi kaburini. Siku ile kila mtu alitupa konzi moja ya udongo isipokuwa mjane, ambaye alikataa katakata. Na mapengo hakuyaziba, maana alihisi kwamba akiyaziba atakuwa amemfungia mume wake nje. Mvua haikujali huzuni yake. Ilifuata njia iliyonyooka, ikaichimba kuwa korongo, na korongo likaanza kupanda. Basi Mumbua alipoondoka, Syombua alijitupa mkekani, moyo umemfa kabisa, na usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi isiyo na jani hata moja, imechunwa kama mbuzi wa sikukuu, na kando yake anatembea mwanamke mrefu mwenye fimbo mbili, kamba na pimamaji. "Naitwa Uangalifu," alisema yule mwanamke. "Nilifanya kazi na mumeo miaka mingi. Wewe hukuniita hata siku moja." Wakashuka pamoja, udongo ukimeguka chini ya nyayo zao, mpaka wakamfikia mwanamke mnene mzuri aliyeketi kwenye busati, sauti yake tamu, akiwapa wapita njia uji wa moto. Huyo alikuwa Kesho. "Karibu, mpenzi," alimwambia Syombua, akaanza kumkanda miguu. "Umechoka. Mvua bado kabisa." Lo, jinsi Syombua alivyotamani kukaa! Uangalifu hakumvuta mkono. Alisema tu, "Keti ukipenda, lakini chungulia kwanza chini ya busati." Syombua akachungulia: chini ya Kesho hapakuwa na ardhi, ila ukingo mwembamba uliochimbwa kwa ndani, na mbali huko chini vikombe vya uji vya wote waliowahi kukaa.

Walipozidi kushuka wakapitwa na jitu linalokimbia, limebeba gunia jekundu mgongoni. Syombua akalitambua gunia: ulikuwa udongo wa shamba lake, ule mweusi wa juu umechanganyika na wa chini. Akalitukana kwa matusi yote aliyoyajua. "Nitukane tu," likasema lile jitu, ambalo jina lake ni Mafuriko, "lakini mimi hupita mlango niliofunguliwa." Nyuma yake alijikokota bibi kizee aliyevaa nguo nyeupe, Chumvi, akilia. "Nililala chini tangu enzi, sikumdhuru mtu," alisema. "Umenifunua blanketi langu, mwanangu. Sasa nabebwa kwenda kwenye maji ya Mumbua, na huko nitaua." Syombua akapiga magoti akamsihi arudi kulala. "Nilale na nini? Blanketi langu limeshajaa bwawani." Syombua akamgeukia kiongozi wake, akamwuliza kama hakuna la kufanya. "Kilichokwisha kuondoka sikurudishii," alijibu Uangalifu. "Nalinda kilichobaki, tena kwa yule anayeniita kabla ya mvua."

Hapo Syombua akainua macho, akamwona Muthoka. Alikuwa anashuka kutoka juu, akipita pengo moja baada ya jingine, katika suti ileile waliyomzika nayo. Furaha ikampanda Syombua mpaka kooni. Akapaza sauti: "Unarudi nyumbani!" Lakini miguu ya Muthoka haikugusa chini, na uso wake ulikuwa umeelekea kilimani. "Sirudi, Syombua," alisema kwa upole wake wa siku zote. "Ninaondolewa. Uliniwekea mlango wazi, na maji ndiyo yaliyoingia. Ulininyima konzi moja, sasa yananinyang'anya udongo wote." Syombua akatazama mkono wake, akaona amefumbata konzi ileile ya siku ya mazishi. Akajaribu kuitupa, na vidole vikakataa kufunguka. Muthoka akapita mbele yake, akazama bondeni.

Aliamka kwa ngurumo. Ngumi yake ilikuwa imekaza mpaka kucha zimemchoma kiganja, na ndani hamkuwa na kitu. Akaelewa. Mlango aliouacha wazi ili mumewe arudi ndio uliokuwa ukimtoa. Akachukua jembe, akapanda mbio. Mapengo manne ya chini korongo lilikuwa limekwisha kuyameza, na jembe la mtu mmoja halingeyaziba tena. Bwawa la Mumbua nalo lilikuwa limekufa, na kwa hilo angelazimika kwenda kumtazama mwenzake usoni. Lilibaki pengo moja tu, la juu, chini ya kaburi. Alisimama mbele yake. Kisha akainama, akachota udongo kwa mkono, konzi moja, akautupa ndani ya pengo.

"Lala sasa, baba Ndanu," alisema. "Nafunga mlango." Akashika jembe, akalia kwa sauti huku akichimba, na matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kumpiga mgongoni.