Aliyemvisha Baba Soksi

Basi liliposimama In Salah abiria wote walishuka, isipokuwa mimi na baba yangu. Kulikuwa kunapambazuka, na mchanga wa kando ya barabara ulikuwa bado na rangi ya majivu. Wanaume walijipanga safu nyuma ya kibanda cha chai, viatu vyao vikiwasubiri nyuma yao. Baba, ambaye tangu nipate akili sikuwahi kumwona akisali ameketi, alipapasa vumbi la dirishani kwa viganja, akajipangusa uso na mikono, akasali palepale kitini.

Nilisubiri mpaka atoe salamu.

"Hushuki, Baba?"

"Hapa nimepita mara elfu. Hakuna kipya."

"Miguu inataka kunyooshwa."

"Miguu yangu ninayo mwenyewe. Nenda kanywe chai."

"Soksi umevaa?"

"Nimevaa."

Alinitazama machoni akilisema neno hilo, na hicho ndicho kilichonidanganya. Baba yangu hakuwa mwongo. Alikuwa mkavu, alikuwa mgumu, aliweza kukaa siku nzima bila kutamka maneno kumi, lakini juu ya machache aliyoyasema ungeweza kujenga nyumba. Nikashuka, nikanywa chai, nikamletea glasi moja na tende tatu kwenye kipande cha gazeti. Alikula tende. Chai aliniambia niimwage, kwa sababu mwenye kunywa hulazimika kushuka.

Dereva, mtu mmoja mnene aitwaye Slimane, alipopita akihesabu vichwa alimgonga bega. "Haji, kiti hicho umekinunua au umekioa?"

"Endesha," Baba akamwambia.

Tulikuwa tumetoka Tamanrasset jana yake baada ya alasiri, siku ya arobaini na tatu tangu mama yangu azikwe. Nilikuwa nimekwenda kumchukua Baba aje kuishi nami Blida, huko kaskazini, kwenye vyumba vyangu viwili juu ya duka la dawa ninakofanya kazi. Hakukubali na hakukataa. Alisema tu, "Panga unavyoona," kisha akaenda kukaa uani, akaupa mlango mgongo.

Yeye ni mtu wa milimani, wa Kabylia, kwenye theluji na mizeituni. Alishuka jangwani akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano pamoja na kikosi cha kutengeneza barabara, akalaza lami mpaka nywele zikawa nyeupe. Alisimama juu ya lami ya moto tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka thelathini na minne, na miguu yake iliandika hesabu hiyo kwa mishipa ya buluu iliyojisokota kuanzia vifundoni hadi nyuma ya magoti. Miaka mitatu kabla ya safari hii daktari alikuwa amemwambia kwamba mishipa ile imechoka, haina tena nguvu ya kuirudisha damu juu, na akikaa kitini muda mrefu bila soksi za kubana damu itatuama, na damu iliyotuama huganda.

Mimi ndiye niliyemtumia soksi hizo. Nilimwelekeza Mama kwenye simu jinsi ya kupima kwa uzi: kifundo, shavu la mguu, urefu hadi chini ya goti. Alipima, akanisomea namba, na zilipofika alinipigia.

"Mwanangu, hizi ni soksi au ngozi ya nyoka? Mguu wa binadamu unaingiaje humu?"

"Unaingia, Mama. Ni kuvuta polepole."

"Haya. Tutamwambia mguu."

Kila kiangazi walikuja kaskazini kwa basi, karibu kilomita elfu mbili, na kila mara Baba alishuka na miguu mikavu, isiyovimba. Nilikuwa nikiona fahari. Dukani niliwasimulia wateja: baba yangu ana miaka sitini na minane, husafiri siku mbili, na miguu yake mtazame mwenyewe. Kwamba soksi hizo zinahitaji mikono yenye nguvu na mgongo unaopinda, hilo nililijua. Nililieleza kwa watu kila wiki. Sikuwahi kujiuliza mgongo wa Baba unapinda kiasi gani.

Kusema kweli, siku zile sikuwa nikijiuliza mengi juu yake. Nilikuwa na hasira. Alipokea rambirambi siku tatu kama msimamizi anayepokea ripoti za kazi, hakutoa chozi, na siku ya nne, wageni walipokwisha ondoka, aliuliza kahawa iko wapi. Nikamwekea kahawa. Nikaingia chumbani, nikaanza kufungasha vitu vya Mama nikiwa nimeuma meno, nikifikiri: ameolewa miaka arobaini na huyu, amempikia, amemfulia, amemzalia, na hata chozi moja hakulipwa. Kwenye droo ya upande wake wa kitanda nilikuta glavu za mpira, za njano, za kuoshea vyombo. Nikadhani uchovu ulikuwa umeanza kumchanganya, akawa anavibeba vitu vya jikoni na kuvisahau chumbani. Nilizitupa kwenye mfuko wa takataka. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaondoka.

Kutoka In Salah kwenda El Menia barabara ni mstari mmoja uliochorwa na mtu asiye na haraka. Baba aliketi upande wa dirisha, na kila baada ya muda alisema jambo bila kunigeukia. "Hapa tulikaa miezi minne." "Hapa upepo ulifukia mashine." "Hapa alizikwa mtu wa Batna." Nilikuwa nikijibu "mh". Kadiri jua lilivyopanda ndivyo alivyonyamaza. Nikaona ameshika paja la kushoto kwa mikono miwili, kana kwamba mguu ule ni mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa aushikilie.

Aliyezungumza ni mwanamke aliyeketi ng'ambo ya ujia, bibi mmoja wa In Salah aliyetuambia tangu alipopanda kwamba anaitwa Mebarka na kwamba anakwenda kumwona mjukuu. Alikuwa ameinama kuokota tasbihi yake. Alipoinuka hakuinuka upesi.

"Binti," aliniambia kwa sauti ya chini, "kiatu cha baba yako kimekatika kamba au kimekatwa?"

Nikatazama. Baba alikuwa ameikata kamba ya kiatu cha kushoto. Nilipiga magoti kwenye ujia wa basi, nikamnyanyua suruali chini ya kanzu. Hakukuwa na soksi ya kubana. Kulikuwa na soksi fupi ya pamba, ya kawaida, iliyozama ndani ya nyama, na juu yake mguu ulikuwa umejaa, unang'aa, una rangi ya zabibu. Niliugusa. Ulikuwa wa moto. Wa kulia, kando yake, ulionekana kama mguu wa mtoto.

"Ulisema umevaa," nilimwambia.

Baba alitazama dirishani.

"Baba, unaumwa kifua? Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Usinifiche sasa. Sasa usinifiche."

"Nimesema napumua."

Nilijua ninachokiogopa. Bonge la damu likikatika mguuni husafiri, hupita moyoni, hukwama mapafuni, na mtu aliyekuwa akizungumza nawe hunyamaza katikati ya neno. Zilikuwa zimebaki kilomita sitini kufika El Menia. Nilikwenda mbele nikamweleza Slimane. Hakufanya mzaha. Aliniuliza, "Nikimbie au niende taratibu?" nami nikamwambia mtikisiko nao ni hatari. Akajijibu mwenyewe: aliendesha kwa kasi pale lami ilipokuwa nzuri, na kwenye mashimo akapunguza mpaka basi likawa linatembea kama mama mjamzito. Mebarka alihamia kiti cha nyuma yetu. Alisoma dua kwa kunong'ona mpaka tulipoiona minara ya mji. Hakuna aliyelalamika tulipoacha njia ya kituo tukaingia lango la hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya usingizi na mikono ya haraka. Alipaka mafuta ya baridi kwenye paja la Baba, akapitisha mashine yake, akanionyesha kwenye kioo mahali ambapo mshipa ulikataa kubonyea.

"Umeziba kuanzia goti hadi hapa," alisema. "Mapafu bado yako salama. Mngeendelea mpaka Ghardaia na hali hii, sijui ningekwambia nini." Kisha akamgeukia Baba. "Mzee, mwenye miguu kama yako anasafirije bila soksi?"

Baba aliishusha kanzu yake. Alichomwa sindano ya kuizuia damu isiendelee kuganda, akalazwa.

Siku mbili hatukusemezana ila yale ya lazima. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, wagonjwa wengine wa chumba kile walikuwa wamelala, na feni ilikuwa ikisukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Nilikuwa nimefungua begi lake kutafuta kanzu safi. Soksi zilikuwa chini kabisa, zimekunjwa mraba, jozi zote mbili. Kisigino cha moja kilikuwa kimevutwa upande, kimechanika kidogo.

"Ulijaribu," nilisema.

Alizitazama soksi mkononi mwangu.

"Siku ile ya kuondoka," alisema. "Bafuni."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimegonga mlango wa bafu mara tatu. Baba, teksi inangoja. Baba, unafanya nini humo? Mara ya tatu nilikuwa nimepiga kelele.

"Ilifika hapa," akaonyesha katikati ya unyayo, "ikakwama. Kuivuta siwezi, mgongo haushuki. Kuivua nayo kazi."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite nikwambie nini? Kwamba aliyelaza lami kilomita mia sita ameshindwa na soksi?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyohivyo."

Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha. "Mama yako ndiye aliyekuwa akinivisha. Mwanzo ilikuwa safarini tu. Baadaye kila siku. Alfajiri, kabla sijateremsha miguu kitandani. Anavaa glavu zake, maana bila mpira mkono unateleza, anapiga goti, ananitukana tusi moja la kwao mlimani, halafu anavuta."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini niliuliza.

"Glavu zipi?"

"Za njano."

"Kwa nini hukunizuia nilipozitupa?"

"Nilidhani unajua unachotupa."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama alivyokuwa akisema hapa tulikaa miezi minne. Kisha akageuza uso ukutani, na nikaona mabega yake yakitikisika. Siku arobaini na sita zilikuwa zimepita. Sikumgusa. Sikujua namna ya kumgusa baba yangu. Tangu nilipokuwa na miaka saba au minane hatukuwa tumeshikana ila kwa kubusu kichwa siku za Idi. Nilikaa tu hapo mpaka feni ikazimika umeme ulipokatika, na hata baada ya hapo.

Baba aliishi miaka sita mingine. Blida alijifunza kulalamikia mvua, akapata marafiki wawili wa kucheza dama, na hakuna siku aliyotoka nyumbani na miguu mitupu. Lakini ninapomkumbuka simkumbuki Blida. Namkumbuka El Menia, asubuhi ya siku ya kumi, tulipopewa ruhusa ya kuendelea na safari. Daktari alitupa vidonge, na sharti: kila baada ya saa mbili basi lisimame, mzee atembee dakika kumi. Slimane, aliyekuwa akirudi tena kaskazini, alikuwa amekubali sharti hilo kabla sijalimaliza kulieleza.

Niliamka mapema, nikavaa glavu nilizonunua sokoni, za buluu kwa sababu ndizo zilizokuwepo, nikapiga goti sakafuni. Baba alikuwa amelala chali, ameuweka mguu juu ya mto. Alifumba macho. Nikaanza kuvuta kama ninavyowaeleza wateja, na soksi ikakunjika, ikakaza, ikakataa.

"Igeuze ndani nje mpaka kisiginoni," alisema bila kufumbua macho. "Kwanza kisigino kikae. Yeye alianzia hapo."

Nikaigeuza. Kisigino kikakaa. Nikavuta kidogo kidogo, nikisawazisha mikunjo kwa viganja, hadi chini ya goti. Kisha mguu wa pili. Nilipomaliza jasho lilikuwa linanitiririka, na nilikuwa nimesahau kumtukana. Nikavua glavu nikitaka kuinuka.

"Ngoja," alisema.

Alijisukuma mpaka akaketi. Alivuta begi lake, akapapasa mfuko wa pembeni, akatoa chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, ya kwao, imezibwa kwa kitambaa. Alimimina kidogo kwenye kiganja, akasugua mikono yake miwili, ile mikono mipana yenye makovu ya lami. Hakunitazama.

"Yeye akishanivisha," alisema, "mimi nilimpaka visigino. Jangwa lile lilimpasua sana visigino, maskini. Miaka yote hiyo hakutaka mtu ajue." Akanyoosha kiganja. "Lete mguu."

Nje mtu alikuwa akifagia uani. Nilikaa kwenye kiti, nikavua kiatu.