Nusu Milimita ya Wifi

Maabara nzima ilimwita Sindano, na jina lilimkaa. Kwa kumchoma panya aliyelala kwa dawa, sindano ikashuka ubongoni mpaka kwenye thalamasi, kituo cha ndani kinachopokeza ishara, na kesho yake panya akaamka akidai chakula, hakuna aliyemfikia. Ndiyo maana alipomtafutia mke wa kaka yake kazi humo humo, alijiona mwema. Laiti angejua, angempeleka akauze viatu.

Wifi hakumaliza hata mwezi kabla hajapendwa. Profesa, mtu asiyecheka na mtu, alicheka naye. Nyumbani nako mama hamalizi sentensi mbili bila kusema "mkwe wangu". Sindano alikuwa na donge rohoni, na donge hilo hata kwa maji halikushuka.

Kazi yao ilihusu striatamu, sehemu ya ubongo inayomsaidia mnyama kuchagua la kufanya. Humo mna seli chache zinazomwaga kemikali iitwayo asetilikolini kutwa kucha, kama wapiga soga wasiochoka. Profesa aliamini kwamba thalamasi ikizishtua, zitapayuka kidogo kisha zitanyamaza, na kimya hicho ndicho kinachomfanya mnyama aache alilokuwa akifanya ageukie jambo jipya. Ili kuthibitisha, walichoma kwenye thalamasi kirusi kisicho na madhara, kinachozifanya nyuzi zinazotoka humo kwenda kwenye striatamu ziitikie mwanga wa buluu. Baada ya wiki kadhaa walikata ubongo vipande vyembamba, wakaviweka kwenye maji yenye oksijeni, wakawasha mwanga na kusikiliza seli moja moja. Kwa miaka mingi seli za Sindano zilishtuka tu, kisha zikaendelea na soga zao. Kimya hakuwahi kukiona. Na Profesa alishatamka kwamba atakayekileta, jina lake ndilo litakalotangulia kwenye makala.

Basi siku moja wifi akavaa glavu, akamgeukia.

"Wifi, sindano niishushe mpaka wapi?"

Sindano akamtajia kina anachotumia mwenyewe, akaongeza nusu milimita. Alijua fika anachofanya. Nusu milimita kwenye ubongo wa panya ni kuhama mtaa kabisa. Achome pasipo na kitu, alijisemea, aone kama kazi hii ni kuchekacheka.

Wiki zikapita. Asubuhi moja wifi akapiga kelele mbele ya kompyuta yake, watu wakakimbilia pale. Kwenye skrini mistari ya mishtuko ya seli ilisongamana mwanga ulipowaka, halafu ikakatika. Seli ilinyamaza kabisa, kisha ikarudi taratibu kwenye mwendo wake. Wifi akawasha tena, ikawa vile vile. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka kwa sauti. Sindano aliutazama ule mstari mtupu na kuuona mzuri, na roho ikamuuma kwa sababu ni mzuri na si wake.

Profesa akaingiza kipande cha thalamasi ya panya yule kwenye hadubini. Kirusi kilikuwa kimeng'aa chini kidogo ya mahali Sindano alipozoea.

"Kumbe miaka yote tulikuwa tunabisha hodi kwa jirani!" alisema. "Nani alikwambia ushuke hapa?"

"Wifi," alijibu yule bibie, uso umemchanua. "Tena nilishangaa, maana mwenyewe nilimwona anachoma juu zaidi. Nikajua kagundua pazuri, kaniachia mimi nianzie. Nilimwambia mume wangu, dada yako ananipenda jamani."

"Basi wazo ni la Sindano!" Profesa akampigia makofi. "Jina lako ndilo litangulie."

Wote wakapiga makofi. Alichokililia kwa miaka kilikuwa kimeletwa mbele yake, naye alitakiwa kutikisa kichwa tu. Wifi ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Sindano alimkazia macho, akitafuta kijicho usoni mwake, hata chembe, hata kile cha kufichaficha. Angekipata, angeitikia akaenda zake na raha yake. Hakukipata, na hapo ndipo alipoishiwa nguvu.

"Halikuwa wazo," alisema. "Nilikudanganya, wifi. Nilitaka ukose."

Makofi yakafifia. Wifi aliendelea kutabasamu kidogo, kama anayesubiri mwenzake amalize utani. Alipoona hamalizi, tabasamu likaondoka. Profesa alikohoa, akajifanya anarekebisha hadubini.

"Wifi, nisamehe," Sindano alisema, akimshika mkono.

Yule mwanamke akautoa mkono wake polepole, bila kuuvuta. Tangu aolewe kwao hakuwahi kumwita Sindano kwa cheo chake, hata kwa mzaha.

"Naomba nipite, Daktari," alisema. "Vipande vyangu vinakufa."